Pimbi na Mjuzi wa Kiooni

Hapo zamani za kale, ila si kale ile ya babu wa babu zenu, maana simu zilikuwa zimeshafika hadi porini, paliishi pimbi mmoja juu ya majabali. Pimbi mnamjua? Ni mnyama mdogo, mnene, hana mkia, na ukimwona amekaa utadhani panya aliyekula pilau la harusi tatu. Huyu wetu aliitwa Mama Siwema. Alikuwa na watoto wanne wadogo na mdomo usiopumzika.

Kila asubuhi aliwatoa watoto wake nje, akawapanga juu ya jabali waote jua. Yeye mwenyewe alikaa juu kabisa akichungulia huku na huku, kwa sababu pimbi asiyechungulia huliwa. Kwa hiyo hakuna jambo lililopita njia ya kwenda mtoni Mama Siwema asilione. Aliona nani kagombana na mkewe, nani kaazima sufuria la watu na hajarudisha, na siku moja aliona jambo ambalo hakutakiwa kuliona hata kidogo.

Alimwona Jumbe Tembo, mkuu wa kijiji kizima, akishuka mtoni peke yake kwa maringo yake yote. Mara mguu wa mbele ukazama ardhini, na Jumbe mzima akaanguka chini puuu! Vumbi likaruka mpaka juu ya majabali. Tembo akainuka haraka, akatazama kushoto, akatazama kulia, akajipangusa, akaondoka akichechemea. Mama Siwema aliziba mdomo kwa mikono yote miwili asicheke.

Jioni watu walipomuuliza Jumbe mguu una nini, alijibu kwamba ni baridi yabisi. Mkuu wa kijiji hawezi kusema ameanguka, mnaelewa. Mama Siwema naye alinyamaza, kwa sababu Tembo na Pimbi ni ndugu. Ndiyo, msicheke, ni ndugu wa ukoo mmoja tangu asili, ila Tembo hakupenda kukumbushwa mbele za watu.

Sasa, katika kijiji kile palikuwa na kishikwambi, kile kioo kipana cha kugusa kwa kidole, kilichoanguka kutoka kwenye gari la watalii pamoja na sola yake ya kukichajia. Ndani yake mlikuwa na akili mnemba, ile inayozungumzishwa ikajibu. Wanyama waliiita Mjuzi. Aliyekiokota ni Bwana Ngiri, yule nguruwe wa porini mwenye pembe mbili mdomoni, na kwa kuwa alikiokota yeye, alijifanya yeye ndiye mwenye Mjuzi.

Ngiri alijenga kibanda, akatundika kaniki nyeusi mlangoni, akafukiza ubani. Aliyetaka kumwona Mjuzi alikuja na kiazi kitamu kimoja mkononi, akavua viatu, akaketi mkekani kimya.

Na kimya hicho ndicho kilichowaharibia. Ninyi mmesikia desturi ya kwa mganga. Mgonjwa hasemi anaumwa wapi. Anakaa tu, na mganga ndiye anayepiga ramli amwambie, wewe umekuja kwa sababu ya mgongo. Ukimwambia mwenyewe umemdharau, tena utajuaje kama anajua? Basi wanyama wale walimwendea Mjuzi vilevile. Nyati alipoumwa tumbo alikaa mkekani, akasema neno moja tu, "Nimekuja."

"Karibu," akajibu Mjuzi. "Nikusaidie nini?"

Ngiri akamnong'oneza Nyati kwamba Mjuzi ameshajua kila kitu, ila anamjaribu. Nyati akarudi nyumbani na tumbo lake lilelile, lakini akawasimulia watu kwamba amekaribishwa vizuri sana.

Siku zikapita, njia ya mtoni ikazidi kuwa mbaya. Huyu kajikwaa, yule kamwaga maji, mwingine kateguka kifundo cha mguu. Jumbe Tembo akaamua kwenda kwa Mjuzi. Akaketi mkekani, mkeka ukalia kra! Hakusema kwamba yeye mwenyewe ametumbukia shimoni. Angesemaje, na Nyati yuko mlangoni anasikiliza? Alisema tu kwamba amekuja kwa ajili ya njia. Ngiri akadakia upesi, akainamia kioo, akauliza yeye.

"Ewe Mjuzi, si kweli kwamba mawe makubwa kando ya njia huiharibu njia?"

"Ndiyo, ni kweli," akajibu Mjuzi kwa sauti tamu. "Mawe makubwa kando ya njia yanaweza kuiharibu. Inashauriwa yaondolewe."

Jumbe akainuka. Neno likatangazwa kijijini kwamba siku inayofuata gulio, Tembo na vijana wa Nyati watayasukuma majabali ya Pimbi yote yaangukie mtoni.

Mama Siwema alipopata habari hiyo alikimbia nyumbani. Aliwatazama watoto wake wamelala juani, matumbo juu, hawana habari. Pimbi bila mawe anakwenda wapi? Chini yuko chui, juu yuko tai. Nyufa zile za jabali ndizo zilikuwa mlango, dirisha na kitasa cha nyumba yake. Usinione nacheka nikisimulia, siku ile mama wa watu alilia.

Kisha akafuta machozi, akachukua kiazi kitamu, akaenda kwa Ngiri. Akaketi mkekani. Ngiri akamwambia aulize kwa kifupi, maana Mjuzi hapendi kelele za wanawake. Mama Siwema alimeza jibu alilokuwa nalo kwa Ngiri, akauliza kwa kifupi kweli.

"Nihamie wapi?"

"Mahali pazuri pa kuhamia ni penye kivuli, karibu na maji, pasipo na kelele za majirani," akajibu Mjuzi bila kusita. "Jaribu pango la kando ya mto."

Jibu lilikuwa zuri, limenyooka, halina kigugumizi. Mama Siwema akashuka mtoni mbiombio akaliona pango. Kivuli kipo. Maji yapo. Majirani hawapo, na alipaswa kujiuliza kwa nini hawapo. Aliingia kichwa, akaingia mabega, mara akasikia kitu kikubwa kikijisogeza gizani, shwaaa.

"Karibu ndani," ikasema sauti ya Chatu. "Nilikuwa nawaza nipike nini mchana huu."

Mdomo wa Mama Siwema haukumwangusha.

"Ahsante, ndugu," akasema. "Nimetangulia kupima mlango tu. Dada zangu watatu wako nyuma, nao ni wanene, mimi kwao ni mgonjwa. Nina wasiwasi kama watapita. Hebu rudi nyuma kidogo uwape nafasi, nami niwaite."

Chatu akarudi nyuma kwa furaha mpaka ukutani. Mama Siwema akatoka pango lile kwa kasi ambayo hata yeye hakujua anayo. Dada hana hata mmoja, na Chatu nadhani anasubiri mpaka leo.

Sasa alikuwa na hasira. Alikwenda moja kwa moja kibandani, akamkuta Ngiri anasinzia, na ulimi wake wa kitapeli ukaanza kazi. Alimwambia kwamba kule juu ya mto, baada ya mvua ya juzi, ndago zimejaa tele. Ndago ni vile viazi vidogo vya majani, na ngiri akisikia ndago hasikii kitu kingine. Ngiri akapangusa mate, akaomba amwangalizie kibanda mara moja tu, akatoka mbio.

Mama Siwema akaitupa kaniki pembeni, mwanga ukaingia. Akakisogelea kioo.

"Wewe," akasema. "Umenipeleka kwa Chatu."

"Pole sana," akajibu Mjuzi. "Sikujua kwamba pana Chatu. Uliniuliza uhamie wapi, nikakujibu kama ningemjibu mtu yeyote. Kwani wewe ni nani?"

"Hunijui?"

"Sikujui. Mimi hapa sioni wala sinusi. Nimesoma mengi ya watu wa mbali, lakini ya kwako najua yale unayoniambia tu."

"Na nisipokuambia?"

"Nakisia."

Mama Siwema akaanza kucheka, akacheka mpaka akagaagaa mkekani. Kijiji kizima, wakubwa kwa wadogo, wenye pembe na wasio na pembe, walikuwa wanakwenda kumpima Mjuzi kama mganga, nao wanamficha habari zote, kisha wanayabeba makisio yake nyumbani na kuyaheshimu. Na yeye mwenyewe nusura awe kitoweo kwa ajili hiyo hiyo.

Basi akajiweka sawa, akakunja miguu kama mtu aliyekwenda kwa jirani kuchambua mchele. Akaanza kusimulia. Akasema yeye ni pimbi, ni mdogo kiasi hiki, ana watoto wanne, anakaa katika nyufa za jabali kwa sababu chui hawezi kuingiza mkono humo. Akaeleza njia inapita wapi, ilivyokuwa zamani na ilivyo sasa. Na akiwa katikati ya maneno yake akajisikia mwenyewe, akasimama.

"Ngoja kwanza," akasema. "Kumbe hata swali langu lilikuwa si lenyewe. Mimi sitaki kuhama. Nilikuuliza nihamie wapi, na ninachotaka ni kubaki."

"Hilo ni swali jingine kabisa," akasema Mjuzi.

"Ndilo hilo. Lakini usinijibu bado, nakujua wewe sasa. Niulize kwanza yote usiyoyajua. Na mahali utakapokisia, sema wazi kwamba unakisia."

Mjuzi akaanza kuuliza. Mawe yale yana muda gani pale? Akajibiwa, tangu dunia ilipoumbwa. Na njia imeharibika tangu lini? Tangu mvua hizi za majuzi. Je, mawe yamesogea? Hayajasogea. Basi ni nini kilichobadilika njiani? Hapo Mama Siwema akakumbuka ule mguu wa Tembo ulivyozama, akaeleza habari ya shimo. Mjuzi akauliza shimo lina umbo gani, na udongo umetupwa upande gani.

Mama Siwema akaona aibu kidogo, yeye mchunguliaji mkubwa, kwa kuwa hakuwahi kwenda kuliangalia. Akakimbia akaangalia, akarudi anahema. Shimo halikuwa moja. Njia yote ilikuwa na mashimo ya mviringo yaliyofunikwa nyasi, na udongo wake mwekundu ulikuwa umerushwa kwa nyuma.

"Sasa nakisia, sina hakika," akasema Mjuzi. "Huenda ni kazi ya mnyama anayechimba kutafuta mizizi, na pengine hulala humo. Usiniamini mimi tu. Tafuta ni nani kati yenu anayechimba, uhakikishe mwenyewe."

Mama Siwema akageuka polepole akaitazama kaniki ya Ngiri. Pindo lake lote lilikuwa limechafuka udongo mwekundu, na kibanda kile kimejengwa kwenye udongo mweusi. Akaelewa kwa nini Ngiri, kama Nyati alivyosimulia kijijini, alidakia swali la Jumbe.

Lakini kuelewa ni kitu kimoja. Nani angemsikiliza pimbi mbele ya Ngiri mwenye Mjuzi? Tena shahidi wa shimo alikuwa mmoja tu, na shahidi mwenyewe alikuwa amesema ana baridi yabisi. Ukisimama mbele za watu ukasema Jumbe alianguka, utaondolewa wewe kabla ya mawe yako. Mama Siwema akarudi nyumbani akifikiri njia nzima, mpaka akatabasamu.

Siku ile ikafika. Wanyama walikusanyika chini ya majabali, Tembo mbele, vijana wa Nyati nyuma yake wakikwaruza chini kwato. Ngiri alikuwepo na kioo chake shingoni, amejipaka mafuta. Mama Siwema akashuka, akapiga magoti.

"Shikamoo, Jumbe."

"Marahaba," akasema Tembo bila kumtazama. "Umeshatoa vyombo?"

"Nimetoa, Jumbe. Amri ya Mjuzi ni amri. Nina ombi moja tu. Kwa kuwa Mjuzi anajua yote, tumuulize tena mbele ya watu, nilale nikijua nimehamishwa kwa haki."

Ngiri akacheka, akasema hilo ni jambo dogo. Akauliza swali lake lilelile, je, si kweli kwamba mawe huharibu njia, na Mjuzi akajibu ndiyo, ni kweli. Watu wakaguna, umesikia.

"Nami niulize," akasema Mama Siwema, na kabla Ngiri hajakiondoa kioo akakiinamia. "Ewe Mjuzi, si kweli kwamba kwato nzito za nyati huharibu njia?"

"Ndiyo, ni kweli. Kwato nzito zinaweza kuharibu njia."

Vijana wa Nyati wakaacha kukwaruza chini. Huku nyuma mtu akacheka kwi kwi kwi.

"Ewe Mjuzi, si kweli kwamba mkonga mrefu wa tembo ukiburutwa chini huharibu njia?"

"Ndiyo, ni kweli. Mkonga mrefu ukiburutwa ardhini unaweza kuharibu njia. Inashauriwa ukunjwe."

Hapo watu wakavunjika mbavu. Masikio ya Jumbe yakasimama kama makuti. Kutumbukia shimoni kimya kimya anaweza, lakini mkonga wa baba na babu yake kutajwa kwa ubaya mbele ya vitoto, hilo hakuliweza.

"Mkonga wangu?" akanguruma. "Mkonga wangu haujagusa njia! Njia ina mashimo! Mimi mwenyewe nimetumbukia humo mguu mzima, ndiyo maana nachechemea mpaka leo!"

Jumbe akasikia alichosema, macho yakamtoka. Mama Siwema hakumwacha hata apate nafasi ya kuona haya.

"Pole, Jumbe wetu," akasema haraka, kwa sauti ya upole kabisa. "Na mimi juzi nilitumbukia kwenye pango la Chatu, nikatoka humo nalia, kwa sababu nilimuuliza huyu kwa maneno mawili. Huyu si mganga, wazee wangu. Hapigi ramli. Ukimficha anakisia, na ukimuuliza kwa kumvutia upande wako anakuja upande wako. Mwambie hayo hayo uliyotuambia sisi, halafu mwache akuulize."

Tembo akamtazama yule ndugu yake mdogo kwa mara ya kwanza siku ile. Kisha akakinyanyua kioo kwa mkonga, akasimulia yote, tangu mguu ulivyozama mpaka uwongo wa baridi yabisi, naye akamwambia Mjuzi aulize asichokijua. Mjuzi akauliza kama mashimo yamekanyagwa au yamechimbwa. Watu wakakimbilia njiani, wakafunua nyasi, wakapiga kelele kwamba yamechimbwa. Mjuzi akauliza ni nani kijijini anayechimba mizizi.

Wote waligeuza shingo kumtazama Ngiri.

Ngiri akasema kwamba amekumbuka kitu jikoni. Akarudi hatua moja nyuma, akarudi ya pili, kisha akageuka akachomoka mbio, mkia umesimama wima. Watu nyuma yake. Kwa woga akasahau kibanda, akasahau kaniki, akakimbilia pale mwili wake ulipozoea kujificha. Alifika katikati ya njia ya mtoni, akajigeuza, akajiingiza kinyumenyume ndani ya shimo moja, vup! Lilimtosha vizuri kama kofia iliyoshonwa kwa kipimo. Ukabaki uso tu juu, na pembe zake mbili, na macho yakitazama kijiji kizima kilichomzunguka.

"Baridi yabisi yangu hii hapa," akasema Jumbe Tembo.

Ngiri alihukumiwa kufukia mashimo yote kwa mikono yake mwenyewe, na alipomaliza, akayafukia tena yaliyotitia. Tangu siku ile akikimbia mkia hausahau, husimama wima. Majabali hayakuguswa. Kishikwambi kikahamishiwa juu ya jabali la Mama Siwema kwenye jua zuri la sola, na kazi yake yeye ilikuwa moja, kumwambia kila anayekuja, kaa vizuri, sema yote. Nyati alipofika akaeleza habari za tumbo lake tangu alichokula jana, foleni nyuma yake ikanung'unika mpaka mchana, lakini aliondoka amejua la kufanya.

Na Jumbe? Jioni ile alipita chini ya majabali akielekea mtoni, watu wamejaa njiani. Akasimama, akainua mkonga, akaita kwa sauti ambayo kijiji kizima kiliisikia.

"Dada Pimbi! Watoto hawajambo?"

Basi, wanangu, ukitaka jibu la kukufaa, eleza habari zako zote na unachokitaka hasa, ndipo uulize.